Mabibi Harusi Sita wa Mama Sare

Mtaa mzima ulimwita Mama Sare, kwa kuwa wanafunzi wote wa shule ya jirani walivaa sare zilizotoka kwenye cherehani yake. Kaptura zake zilidumu mpaka mdogo mtu akazirithi. Kwa miaka kumi na miwili mwalimu mkuu alimpa kazi ya shule nzima, na kazi hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba yake.

Lakini wivu, jamani, haujui kushukuru! Wifi yake, dada wa mumewe, alishona magauni ya harusi mtaa wa pili. Siku moja wifi akafungua tovuti. Ukurasa wake wa mwanzo ulikuwa na picha moja tu ya bibi harusi anayecheka, na chini yake maneno machache: "Njoo tukupime. Wasiwasi wa gauni tuachie sisi." Wateja wakamiminika. Mama Sare aliufungua ukurasa ule asubuhi, mchana na jioni, na kila alipoufungua roho ilimuuma.

"Anaringa na nini?" alimwuliza mumewe. "Kwani mimi sina mikono?"

"Mke wangu, kila mtu na riziki yake."

"Haya, mtetee tu dada yako!"

Kesho yake alimwita fundi wa tovuti, mzee mmoja mwenye miwani minene, mtu asiye na haraka. Fundi alizitazama sare zilizotundikwa ukutani, akapapasa mshono wa kola moja.

"Mama, ukurasa wa mwanzo ni mlango wa duka. Mteja akiuona, ajue papo hapo unafanya nini. Tuweke sare hizi, na watoto wamezivaa wanacheza mpira. Mzazi gani atapita?"

Mama Sare akafyonya. "Kaptura za kijivu zimvutie nani? Weka mabibi harusi. Wifi anaye mmoja, mimi niwekee sita!"

"Na sare?"

"Zisionekane hata moja. Zinanitia aibu."

Fundi alishauri mpaka akachoka, lakini mwenzake alikuwa ametia pamba masikioni. Mabibi harusi sita wa picha za kuazima wakapangwa kwenye ukurasa, na Mama Sare akavimba kichwa.

Baada ya siku tatu alikuja mchumba wa watu. "Naomba nione gauni moja ulilowahi kushona," alisema. Mama Sare alifungua kabati, akalifunga, akalifungua tena. Hakuwa nalo. Binti akaaga kwa adabu, akakata kona kuelekea mtaa wa pili. Mama Sare alimsindikiza kwa jicho la husuda hadi akapotea.

Mwaka huo mwalimu mkuu wa zamani alikuwa amestaafu. Muhula ulipokaribia, hakuna aliyekuja kuagiza sare. Siku ya kufungua shule watoto walipita mbele ya duka na sare mpya, kola zimepinda, mishono imekwenda upande. Mama Sare alikimbia hadi getini kwa mwalimu mkuu mpya.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Mwenzangu aliniachia jina lako. Nikafungua tovuti yako, nikaona mabibi harusi watupu. Nikasema, huyu sare ameshaziacha. Tumetia saini na fundi mwingine, miaka mitatu."

Aliporudi dukani alimkuta wifi yake mlangoni, habari zimeshamfikia.

"Wifi jamani, kwa nini uliziacha sare? Harusi zina msimu wake. Msimu ukipita, mimi nakaa nakodolea macho mlango tu. Unajua siku zote nilikuwa nakuonea wivu wewe?"

 Mama Sare akaketi kwenye kiti cha cherehani, akalia mbele ya yule yule aliyemwonea kijicho. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.