Paa la Shule Lililojila

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa shule.
— Ya nani?
Ya umma, na cha umma hakikosi wa kukitafuna. Sogeeni karibu, wenyewe wasije wakanisikia.

Hapo kale wanyama wa nchi nzima, wa milimani na wa mabondeni, walifanya ushirika wa kuinua shule zao za sekondari, maana zote zilikuwa kuta tupu. Kila ukoo ulete nyasi za kuezekea. Uenyekiti wakampa Kiboko. Kwa nini? Ana mwili wa mwenyekiti!

Swala akaleta nyasi. Kiboko akapokea, akala. Nyafu-nyafu!
Nyumbu akaleta nyasi. Kiboko akapokea, akala. Nyafu-nyafu!
Na wote waliona majani yakimning'inia mdomoni, wakasema, "Shikamoo, Mheshimiwa." Mbele yake makofi, kisimani umbea. Ah, mie nawajua.

Kindi peke yake hakupata usingizi. Binti yake yuko kidato cha nne, mtihani ndio huo unakuja, na mvua ikinyesha karatasi zinageuka uji.

Mara habari: siku ileile ya mtihani Simba anakuja kuzindua shule ya binti huyo! Kiboko jasho likamtoka.

"Kindi mwanangu, nitamwonyesha paa gani?"
"Si unalo tumboni, baba?"
"Usinitie aibu!"
"Basi panda ukutani, ulale juu kifudifudi, tukufunike nyasi. Mgeni rasmi hatazami juu, hutazama pilau."

Tembo akamnyanyua, hup! Kindi akamfunika kwa nyasi changa zenye umande. Zilizo tamu zaidi akamrundikia puani.

Ngoma zikalia, ndi! ndi! ndi! Watoto wakaingia kwenye mtihani, na nje Simba akaanza hotuba. Hotuba ndefu, nyasi tamu. Paa likafanya: nyafu. Likanyamaza. Nyafu-nyafu!

Simba akatazama juu. "Jamani, paa gani hili linajila?"

Swala akatazama kwato zake. Nyumbu akatazama kwato zake. Hakuna aliyeinua uso.

"Nishusheni!" Kiboko akalia. "Nimeumbuka!"

"Asishuke," Kindi akasema. "Wingu lile pale, na watoto hawajamaliza."

Simba akatikisa kichwa. "Kaa hapohapo, Mwenyekiti."

Mvua ikashuka, chwaaa! Watoto chini wakaandika, wakavu. Wakubwa nje wakalowa chapachapa, na hakuna aliyethubutu kuomba kibanda. Ilipokatika, kila mmoja akaenda kukata nyasi bila kutumwa. Kiboko akashushwa, akakimbilia mtoni, akazama akabakiza macho. Hadi leo mchana haonekani. Akitaka kula, husubiri giza.

Yangu nimeiezeka, inayovuja ni ya jirani.

Funzo, wajukuu zangu: msimseme vibaya mwenyekiti. Wengine huahidi paa. Yule alikuwa paa mwenyewe.