Bakora Iliyotajwa Mahari

Inasimuliwa kwamba alikuwapo zamani, katika nchi ya Hadhramauti, binti mchamungu akiitwa Raihana binti Thabiti. Hudhaifa, kijana msafi wa dini, mfuga farasi, akaja kumposa, na Raihana moyo wake ukamwelekea.

Siku ya posa, akiwa nyuma ya pazia, alimsikia Mzee Ghalibu, baba wa kijana, akijitapa: "Huyu nimemnyoosha kwa bakora ya mkomamanga! Kila alipolia nilimwambia, nakupiga kwa kuwa nakupenda."

"Wallahi alinipenda mno," akasema Hudhaifa, na baraza zima likaangua kicheko.

Raihana hakucheka. Alijiuliza yeye naye atakuja kupendwa vipi.

Ikafika siku ya nikahi. Kadhi akasogea kwenye pazia. "Binti yangu, wataka mahari gani?"

"Ile bakora."

Shangazi yake akamfinya. "We mtoto! Wenzio huomba dhahabu!"

"Nimeleta ngamia na hariri," akafoka Mzee Ghalibu, "naombwa kijiti?"

"Na nina swali kwa bwana harusi," akasema Raihana. "Akikasirika, atampenda vipi mkewe?"

Watu wakangoja jibu tunalolijua sote: haasha, mimi tena, nimpige? Hudhaifa akainamisha kichwa.

"Sijui," akasema. "Nikiapa kwamba sitampiga, huenda nikamdanganya mbele ya Mola wangu. Juzi nilimchapa farasi wangu nimpendaye, nikausikia mdomo wangu ukimwambia: nakupiga kwa kuwa nakupenda."

Subhanallah! Mzee Ghalibu akainuka, akatoka. Watu wakadhani amesusa. Akarudi ameibeba bakora juu ya viganja viwili, kama abebaye maiti ya kitoto kichanga, akaipitisha chini ya pazia.

"Baba yangu alinipigia hii hii," akasema. "Nilidhani ni adabu. Isimfike mjukuu wangu."

Raihana alilia. Lakini machozi hayakumpumbaza. "Mahari nimeipokea," akasema. "Nikahi isubiri. Bwana Hudhaifa na amfunze mwanafarasi asiyejua hatamu, bila fimbo wala kofi. Akiweza, aje."

Ramadhani ikapita, na nyingine ikapita. Watu wakamcheka Raihana kwamba atazeeka akingoja farasi. Asubuhi moja Hudhaifa akaonekana njiani, mikono mitupu, na nyuma yake farasi mchanga akimfuata bila kamba, pua yake begani pake.

Nikahi ikafungwa siku ile. Wali wa walima ulipikwa kwa kuni, na ukuni wa kwanza kutiwa motoni ulikuwa ule wa mkomamanga. Mzee Ghalibu ndiye aliyeutia.

Nasi leo, ndugu zangu, mposaji akija tunauliza ana kazi gani na amejenga wapi. Raihana, Mola amrehemu, aliuliza aliyepigwa utotoni kwa jina la mapenzi atapendaje. Ya Rabbi, tulainishie mikono kabla hujatupa wa kuwapenda.