Jina la Mjukuu wa Bi Nakunda

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani za juzi tu, Bi Nakunda wa kule milimani alipasuliwa tumbo, na Daktari Mbonea ndiye aliyemshona. Kidonda kikapona, homa ikaja. Miezi saba! Akapimwa malaria, hakuna. Akapimwa kifua kikuu, hakuna. Mama wa watu akabaki mifupa.

Daktari Mbonea akamwandikia kipimo kikubwa. Bi Nakunda akaahidi mbele ya wote, "Atakayeonyesha kinachoniua, mjukuu wangu nitampa jina lake." Maana binti yake, Nambua, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Ombeni wa maabara akamtoa damu. Akazitenga chembe nyeupe, zile askari wa mwili, akazitia dawa yenye mionzi ili kamera izione ziendako, kisha akamrudishia mwilini. Kwa muda wa saa mbili na nusu za kuzishughulikia, Ombeni hakuinuka kitini, kwa sababu ukizitikisa hovyo zinakufa, na mfu haendi vitani.

Nambua alizuiwa mlangoni kwa ajili ya mimba. Akalia, "Jamani, mtamuunguza mama!"

"Kiasi cha mionzi ni kidogo, dada," akajibu Elineema, mpiga picha. "Wengu ndilo litakalopata mionzi mingi kuliko viungo vyote, nalo litastahimili."

Picha ya kwanza, mapafu yakang'aa. Picha ya pili, ini na wengu. Wote wakasema, "Ndiyo kawaida. Hana kitu, aende nyumbani."

Elineema akakataa. "Arudi kesho. Kamera haimwongezei mionzi, mionzi inatoka kwake mwenyewe."

Kesho yake, lo! Doa linang'aa chini ya kitovu. "Utumbo huo," wakasema. Daktari Mbonea akatazama, akakaa sakafuni. Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Si utumbo. Hapo ndipo mkono wangu ulipopita. Ni shashi ya kufutia damu. Nimeisahau mimi."

Haki ya nani! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu chake kilikuwa tumboni, tena kimeshonewa ndani!

Daktari mwingine akaitoa shashi, homa ikakoma. Siku ya kutolewa nyuzi, Nambua akajifungua mtoto wa kiume.

Ombeni akasema, "Bila askari wangu kufika hai, mngepiga picha ya nini?"

Elineema akasema, "Bila kesho yangu, leo mngekuwa matangani."

Daktari Mbonea hakudai kitu. Nambua ndiye aliyemsemea. "Mama, hawa wameonyesha doa. Kilichokuwa kinakuua amekionyesha yeye."

Bi Nakunda akashtuka, nusura amwangushe mtoto. "Nimwite mjukuu wangu jina la mkono ulioniua?"

"Na la ulimi uliokuponya, mama."

Mtoto analia, hajapewa jina. Bibi yake amempakata. Nanyi mnaonisikiliza, msiniinamishie vichwa. Ahadi ni ahadi. Je, mtoto huyu aitwe nani?