Bakuli la Bibi Mwanamize

Paukwa!
Pakawa!
Bakuli!
La nani?

La Bibi Mwanamize, jamani. Kaeni vizuri, maana leo sina hadithi ya kuchekesha.

Hapo kale, katika mji wa nyumba za mawe na vichochoro vyembamba, aliishi Bibi Mwanamize. Wake wenza wakigombana, kwa Bibi. Ndugu wakigombea ukuta, kwa Bibi. Atasikiliza, kisha atasema neno moja, na watu wataenda zao.

Ukumbini kwake palikuwa na kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vyombo, na kidakani bakuli la kauri kutoka Uchina, limechorwa msichana kando ya mayungiyungi. Ukiligonga kwa ukucha, ting!

Bibi hakuzaa. Alimlea Mwanatumu, mjukuu wa dada yake. Mwanatumu akakua, akawa mwanamke mzima. Jioni moja, taa zikiwashwa, akaligonga lile bakuli. Ting! Akatazama, mchoro hauna mtu. Msichana kasimama nyuma yake, nywele zinachuruzika maji.

"Naitwa Lian," akasema. "Nimekungoja baharini, nimekungoja ukutani. Mbona umechelewa?"

Wakapendana. Si usuhuba wa kusukana nywele tu. Mapenzi yenyewe, ya kukosa hamu ya kula! Kila jioni, ting! Lian hutoka. Hupanda darini wote wawili, wakatazama taa za mji. Alfajiri Lian hurudi bakulini.

Siku moja Bibi akawakuta wameshikana mikono. Mwanatumu akauachia mkono wa Lian. Bibi akamtazama Lian, akasema, "Mpikie mgeni wako. Amekonda."

Basi. Ndiye Bibi huyo.

Lakini uzee haumwachi mtu. Na katika mji ule, mkubwa akifa, bakuli lake zuri kuliko yote hujengewa kaburini, likazungushiwa chokaa. Ndiyo heshima yake. Naye Lian alikwisha kusema: "Chokaa ikinigusa, mlango wangu umefungwa. Sitoki tena."

Bibi akamwita Mwanatumu. "Nenda kwa fundi Badi, mjenga makaburi. Mweleze. Ana kifua yule, hatasema."

"Kesho, Bibi."

"Siri ni yako, mimi siwezi kuitoa. Nenda."

"Kesho, Bibi. Naona haya."

Kesho. Na kesho. Na kesho tena. Bibi akafa.

Ikafika hitima ya arobaini. Mwanatumu yuko uani na wanawake, anakatia pilau vitunguu. Kaburi litajengwa mwezi ujao, ndivyo alivyojua. Kumbe wanaume, kwa kumpenda Bibi, wameona wasingoje. Wameingia ukumbini kimya kimya, wamelichukua bakuli, wamekwenda zao.

Mwanatumu akaingia ndani. Kidaka kitupu.

Akakimbia. Mikono inanuka vitunguu, kanga inaburuzika. Akafika makaburini, mahali ambapo wanawake wa mji ule hawakanyagi mbele ya wanaume.

"Litoeni! Litoeni bakuli!"

"Kwa nini, mwanangu?" wazee wakauliza.

Mji mzima unamtazama. Haya zile zile zikamrudia. Safari hii akazimeza.

"Mle ndani yumo mpenzi wangu."

Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana! Walimhurumia. "Masikini, msiba umempanda kichwani." Wakamshika mabega, wamrudishe nyumbani.

Fundi Badi peke yake alipiga magoti. Akaligonga bakuli kwa ukucha.

Du.

Akagonga tena. Du. Sauti ya ukuta. Na yule msichana wa mchoro, ambaye watu wote walimjua kwa uso wake, alikuwa amefunika uso kwa mikono.

Fundi akaanza kulia. "Ningejengea bakuli jingine, mwanangu. Mabakuli yako mengi mjini. Ungeniambia tu."

Mwanatumu akazeeka. Kila jioni, taa zikiwashwa, alikwenda kaburini, akagonga. Du. Akangoja. Akagonga. Du. Mpaka siku alipochukuliwa yeye, akazikwa upande wa pili wa ukuta ule, na bado chokaa iko katikati yao.

Basi ninyi mnaonisikiliza, mkubwa akikwambia nenda, nenda na haya zako hivyo hivyo. Haya huisha. Chokaa haiishi.

Hadithi yangu imegota ukutani, haina pa kwenda tena.