Kwa Nini Wazee wa Ungwero Hupukuchua Kunde Barazani

Siku hizo miungu waliishi jirani kabisa na watu, kiasi kwamba moto ukizimika mtu alikwenda kuazima kaa kwa mungu wa jua, na mungu wa mvua akiishiwa chumvi alituma mtu kwa jirani. Nchi yenyewe iliitwa Ungwero. Ilikuwa na mlima mmoja, watu wa Juu wakikaa mteremkoni na watu wa Bondeni wakikaa chini, na mfereji mmoja ukiwanywesha wote. Ukiwauliza Wangwero habari za miungu wao, watakutajia wakubwa bila kusita: Kirundo wa radi, Sembea wa jua na Mzinje wa mvua. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake, ngoma yake na kondoo wake wa kila mwaka.

Nyalusa hawamtaji mpaka uwakumbushe. Huyo alikuwa mungu wa kike wa kuchelewa. Msicheke, kazi hiyo ilikuwapo na mwenyewe aliifanya kwa bidii. Kamba ya kiatu ikikukatikia mlangoni, ukalazimika kukaa chini uifunge, Nyalusa ndiye aliyekukalisha. Kuni zikikataa kushika, sindano ikapotea kumbe umeichomeka kwenye nguo uliyoivaa, mbuzi akilala katikati ya njia akakutazama kana kwamba njia aliachiwa urithi na baba yake, basi ni yeye. Watu walimlaani kutwa mara nne. Hakuwa na nyumba wala ngoma, maana nani amtolee kondoo anayemchelewesha?

Wangwero hasa hawakumpenda, kwa sababu walikuwa watu wa haraka na walijisifu kwa haraka yao. Baraza lao lilikutana jua likichomoza. Wazee walikula kwanza, kwani kutoa neno barazani na tumbo tupu ulikuwa mwiko, kisha kila upande ukatoa neno lake, na umande haujakauka kila mtu alikuwa njiani kurudi kwake. Neno likishatamkwa halikurudishwa. Kwa hiyo mzee mwenye ugomvi hakwenda barazani kufikiri. Alikwenda na neno lake tayari, amelinoa nyumbani siku tatu.

Huko Bondeni aliishi mwanamke kijana aliyeitwa Nambua. Alizaliwa Juu, binti wa Mzee Ngwatu, msemaji wa watu wa Juu, akaolewa Bondeni na Lukindo, mwana wa Mzee Kiluwa, msemaji wa watu wa Bondeni. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa mikono, na kande zake zilisifiwa pande zote mbili, ndiyo maana kila baraza lilipokaa yeye ndiye aliyepika. Alikuwa na mtoto mmoja, Tunu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, hatua tatu halafu anakaa kitako na kushangaa.

Mwaka huo ng'ombe alibomoa ukingo wa mfereji. Mzee Ngwatu alisema amemwona kwa macho yake mawili: ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe, na ng'ombe wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, wa Mzee Kiluwa. Watu wa Juu wakaziba maji kwa mawe. Migomba ya Bondeni ikaanza kukunja majani. Watu wa Bondeni wakapanda kung'oa mawe, ngumi zikapigwa, mtu akapoteza jino, na baraza likaitishwa.

Nambua alijua litakalosemwa, kwa sababu alimsikia mkwewe akilifanyia mazoezi huku akinyoa ndevu. "Kuanzia leo, sisi na watu wa Juu si ndugu!" Alilisema kwa sauti nzito, akalirudia kwa sauti nyembamba, akichagua ipi inatisha zaidi. Siku iliyofuata Nambua alipanda kumsalimia mama yake, na nyuma ya nyumba akamsikia baba yake mzazi akilisema neno lile lile, ila yeye alianza na kikohozi.

Udugu ukikatwa, sheria ilikuwa moja: kila mke anarudi kwao siku hiyo hiyo, na watoto wanabaki kwa baba zao. Nambua aliteremka mlima na Tunu mgongoni, mtoto akimvuta nywele na kucheka, na yeye akalia njia nzima. Hakuwahi kuogopa kitu namna ile tangu azaliwe.

Alikwenda kwa miungu wakubwa. Kirundo wa radi alisema yuko tayari kupiga, ila aambiwe apige upande upi. Sembea wa jua alisema yeye atachomoza kama kawaida, mengine hayamhusu. Mzinje wa mvua alisema yeye ndiye aliyedhulumiwa hasa, maana maji yenyewe ni yake na hakuna aliyemuuliza. Nambua aliwashukuru kwa adabu akaondoka mikono mitupu. Kwa Nyalusa hakwenda. Ningesema alikwenda, hadithi ingependeza, lakini hakwenda, na wala hakumkumbuka.

Basi akapiga moyo konde. Kama hawezi kuwazuia wazee kusema, angalau waseme wameshiba kande nzuri kuliko zote alizowahi kupika, labda ukali utapungua kidogo. Siku ya kuamkia baraza alipukuchua kunde, akazichambua, akaziroweka pamoja na mahindi. Asubuhi alipofika jikoni alimkuta mbuzi wa jirani ametia kichwa ndani ya chungu, anamalizia. Akatafuta mahindi mengine, akayapata. Akawasha moto, kuni zikatoa moshi tu. Akakimbilia ghalani, kamba ya kiatu ikakatika. Ghalani hakukuwa na kunde ila matenga mawili ya kunde kavu, zote bado ndani ya maganda yake.

"Nyalusa we!" alipiga kelele. "Hata leo? Leo nayo umeniona?"

Tenga moja alijitwika yeye, jingine akambebesha mumewe Lukindo, ambaye tangu ugomvi uanze alikuwa amepoteza sauti kwa hofu. Walifika kwenye kiwanja cha mpakani na kuwakuta wazee ishirini wameketi juu ya mawe yao, kumi upande huu na kumi upande ule, kila mmoja amegeuza uso asimtazame mwenzake.

"Chakula kiko wapi?" Mzee Kiluwa aliuliza.

"Kimo humu, baba," Nambua alisema, akitua tenga. "Bado hakijatoka kwenye maganda."

Mzee mmoja wa Juu aliangua kicheko, akakatwa jicho, akanyamaza.

"Unatuchezea, mwanangu?" Mzee Ngwatu aliuliza.

"Sichezi, baba. Mbuzi amekula nilizoandaa. Nawaombeni mnivumilie."

Kuvumilia ndicho kitu ambacho Wangwero hawakukijua. Lakini mwiko ni mwiko, na hakuna aliyethubutu kutoa neno lake bila kula. Lukindo akawasha moto, chungu cha mahindi walichokuja nacho kikatelekwa, na Nambua akakaa chini katikati ya kiwanja akaanza kupukuchua. Alipukuchua ganda la kwanza, la pili, la tatu. Akainua macho. Jua lilikuwa limeshapanda kupita saa ya neno, na neno halijasemwa. Mkwewe alikuwa amelishikilia mdomoni, mashavu yamemvimba. Tunu alikuwa ameketi pembeni akichezea maganda. Hapo Nambua akaelewa jambo, na mikono yake, iliyosifiwa kwa wepesi nchi nzima, ikaanza kwenda polepole. Alichukua ganda moja. Akalitazama mbele. Akaligeuza akalitazama nyuma. Akalifungua kama mtu anayefungua zawadi.

Mzee Kiluwa alitazama hayo mpaka akashindwa. "Mikono yako ina nini leo, mwanangu? Lete hapa!" Akajaza maganda mapajani akaanza kuyavunja mwenyewe, kunde zikiruka huku na huko. Enzi hizo mwanamume kupukuchua kunde hadharani lilikuwa jambo la aibu, lakini haraka yake ilimshinda nguvu.

Mzee Ngwatu akaguna. "Ndivyo mnavyopukuchua huko Bondeni? Nusu inabaki kwenye ganda."

"Wewe unaweza zaidi?"

"Nani? Mimi? Sogeza hilo tenga."

Sasa ilikuwa Juu na Bondeni. Wazee ishirini walikunja mikono ya nguo zao, wakavamia matenga mawili kama kuku waliomwagiwa mtama. Walihesabiana maganda, wakatuhumiana wizi, mmoja akakutwa amekalia rundo la maganda mazima ili aonekane amemaliza. Kunde zote zilikuwa zikitupwa kwenye ungo mmoja, kwa hiyo baada ya muda hakuna aliyejua za nani ni zipi, na mashindano yakafa yenyewe. Mikono lakini iliendelea. Na mikono ikiwa na kazi, mtu hawezi kumnyooshea mwenzake kidole, na akitaka kusikiwa ni lazima ainame karibu, maana maganda makavu yana kelele.

Nambua aliyekuwa akipepeta karibu nao aliona jambo. Baba yake alikuwa anatia ungoni kunde zilizotobolewa na wadudu pamoja na nzima, bila kuchagua. Na Mzee Kiluwa, kimya kimya, alikuwa ananyoosha mkono na kuzitoa zile mbovu moja moja.

"Mkwe," Mzee Kiluwa alisema kwa sauti ya chini, "macho vipi?"

Mzee Ngwatu alivunja ganda jingine. "Yamekwisha. Tangu mavuno ya mwaka juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Tunakutana barazani, kila mtu anasema neno moja, tunaondoka."

Mzee Kiluwa aliacha kupukuchua. Ukimya wake ukawafikia wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka kiwanja kizima kikatulia. Mzee Ngwatu alikuwa ameshika ganda tupu, analizungusha. Nambua alijua baba yake anafikiri nini, na alimwonea huruma sana, kwa sababu hakuna mtu aliyependa heshima yake kama mzee yule.

"Wazee wenzangu," Mzee Ngwatu alisema. "Yule ng'ombe niliyesema nimemwona. Kusema kweli, niliona kitu kikubwa chenye miguu minne. Wekundu na baka nimevitia mwenyewe."

Kisha mzee mmoja wa Juu, yule aliyecheka asubuhi, akakohoa na kutazama vidole vyake vya miguu. "Huenda alikuwa wangu," alisema. "Siku ile alirudi na matope mpaka tumboni. Nilitaka kusema, lakini baraza lilikuwa limeshaitishwa, nikaona nimechelewa."

Aliyeanza kucheka alikuwa Mzee Kiluwa. Alicheka mpaka kunde zikamwagika mapajani, na Mzee Ngwatu akacheka naye huku akijifuta macho yake mabovu, na kicheko kikazunguka mawe yote ishirini.

Kande ziliiva alasiri. Wazee walikula, wakaramba vidole, kisha wakakumbuka kwamba baraza bado halijafunguliwa. Mzee Kiluwa akasimama kutoa neno la Bondeni. Nambua alimnyanyua Tunu akamkumbatia kwa nguvu.

Mzee alifungua kinywa, akakifunga. Alikuwa analitafuta neno lake la siku tatu, na alipolipata akaliona halina ladha. "Kesho," akasema, "tukajenge ukingo. Maji yafunguliwe leo. Basi."

"Na sisi neno letu ndilo hilo," Mzee Ngwatu alisema, akakaa.

Nambua alilia tena, safari hii kwa furaha, machozi yakimdondokea mtoto kichwani, na Lukindo akapata sauti yake akaanza kusema maneno mengi yasiyo na mpangilio.

Habari zilipoenea, miungu wakubwa walikuja upesi kudai shukrani. Kirundo alisema wazee walipatana kwa kuogopa radi yake. Sembea alisema ni joto lake lililowalainisha. Mzinje alisema bila maji yake kande zingepikwa na nini? Kila mmoja alipewa kondoo akaondoka ameridhika. Nyalusa naye alifunga safari kuja kudai, lakini alipofika kondoo walikuwa wamekwisha na watu wamelala.

Nambua ndiye aliyemjua. Kesho yake, akichota maji mferejini, alihesabu moyoni: mbuzi, kuni, kamba ya kiatu, matenga ya maganda. Akacheka peke yake mpaka mwanamke aliyekuwa karibu akamuuliza kama yu mzima. "Mzima kabisa," alisema, akamsimulia, na yule akamsimulia mwingine.

Na tangu siku hiyo hakuna baraza linalofunguliwa Ungwero mpaka wagomvi wameketi pamoja na kupukuchua tenga zima la kunde, wenye vyeo na wasio na vyeo. Vijana hulalamika kwamba shauri la asubuhi linamalizika jioni, na ni kweli. Nyalusa mpaka leo hana nyumba, lakini mtu wa Ungwero akikatikiwa kamba ya kiatu mlangoni hatukani tena. Hukaa chini kwa utulivu, akaifunga bila haraka. Na kwa miaka yote hiyo, katika nchi ile nzima, hakuna mama hata mmoja aliyetenganishwa na mwanawe kwa neno la baraza.