Alilala, Hakulazwa

Wahenga waliposema usisafirie nyota ya mwenzio, walimwonya anayeongoza chombo chake kwa nyota iliyomfaa mwingine. Mzee Orrin Haugen wa Duluth, mji wa baridi kali kaskazini mwa Marekani, aliyajua hayo maji yalipokwisha kumwagika.

Mkewe, Verna, aliteleza kwenye barafu mlangoni, nyonga ikapata ufa. Hospitalini alipewa kitanda, vazi la mgonjwa na dripu. Daktari alisema hapasuliwi, ila angehitaji kituo cha kuuguzia wazee afundishwe kutembea upya. Orrin aliingiwa na hofu. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa umekwisha. Asingeweza kumnyanyua mkewe, na gharama za kituo hazikuwa za kuchezea.

Jirani yao Lempi akamletea viazi vya kuoka.

"Acha kujitia presha, Orrin. Mume wangu Toivo alilala siku nne hospitali ileile, bima ya wazee ikamgharamia kituoni mpaka akatembea. Na Verna ni hivyohivyo."

"Kumbe!" Orrin akashusha pumzi.

Basi muuguzi alipomwuliza, "Mzee wangu, una swali lolote kuhusu bima?" akatikisa kichwa. Watu wa kule huona haya kumsumbua mtu kwa maswali. Heri waumie kimya.

"Hapana, mwanangu. Nyie wenyewe mna kazi nyingi. Tunayajua hayo."

Siku ya tano Verna akapelekwa kituoni. Wiki haijaisha, karani wa kituo akamwita Orrin pembeni.

"Mzee, bima imekataa kulipa. Mama hakulazwa."

"Hakulazwa? Siku nne nimekaa naye pale! Kwani alilala juu ya mti?"

"Kulala alilala, mzee. Ila hospitali ilimweka chini ya uangalizi tu. Bima hii inahesabu siku za kulazwa rasmi. Mngeuliza kabla hajatoka, pengine daktari angebadilisha. Akishatoka, ndiyo basi."

Orrin alisimama pale kama aliyemwagiwa maji baridi. Neno moja tu, na yeye alikuwa ameombwa aulize!

Akiba yao ikaliwa na kituo mpaka ikakauka. Ndipo bima ya wasiojiweza ikampokea Verna, lakini katika kituo kilichokuwa na nafasi, mwendo wa saa tatu kwa gari, na macho ya Orrin hayakumruhusu tena kuendesha kwenye theluji. Lempi alikuja kulia mlangoni.

"Toivo walimlaza, Orrin. Mimi nilijua kulala ni kulala."

"Hata mimi," alimjibu, wala hakumlaumu. Alipofunga mlango, nyumba ilikuwa kimya, na ukimya ule ulimuuma kuliko mgongo.

Jumapili Verna alipiga simu.

"Theluji imeacha?"

"Bado."

"Basi usije, mume wangu. Mimi sijambo."

"Unatembea siku hizi?"

Verna naye akauliza, "Umekula?"

"Nimekula," Orrin alisema, na hakuwa amekula. Hakika, usisafirie nyota ya mwenzio.