Bi Pimbi na Mabingwa wa Kigingi cha Nyuma

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata nyanya yangu aliisikia kwa jirani tu, wanyama walikuwa na nyumba zao, na mashamba, na wake wa kuwagombeza. Tena walikuwa na uwanja wa gofu.

Mnaguna nini? Walikuwa nao! Bonde zima lile, kutoka mtoni mpaka chini ya kilima, nyasi zimekatwa, na kule mbele limechimbwa shimo dogo, bendera imesimama. Mchezo wenyewe hauna siri. Unapiga kijipira kwa fimbo mpaka kitumbukie shimoni. Wa kwanza kutumbukiza kashinda.

Pa kuanzia palikuwa pawili. Palikuwa na kigingi chekundu, karibu na shimo, cha akina mama na wenye mikono mifupi. Na palikuwa na kigingi cheusi, nyuma kabisa, cha mabingwa. Na waliojiita mabingwa ni nani? Nyati na Kiboko!

Nyati ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa uwanja, na Kiboko ndiye rafiki yake. Kupiga, masikini, hawakujua. Nyati akipiga, kwaa! Mpira vichakani. Kiboko akipiga, chubwi! Mpira mtoni. Wanatoka asubuhi, siku nzima wanapekua nyasi, wanarudi chakula kimepoa. Kanga mmoja aliukuta mpira wao, akadhani yai, akauatamia mpaka wenzake wakamwonea huruma. Na mke wa Kiboko, haya walisema kanga, sikusema mimi, alikwisha kummwagia mumewe maji ya vyombo pale pale mlangoni.

"Si mwanzie kigingi chekundu?" alimuuliza. "Mtamaliza mapema, mle chakula cha moto kama watu."

"Mimi?" Kiboko akavimba. "Nipige pamoja na akina mama? Bora nilale njaa!"

Na njaa akalala, na usingizi hakuupata, anajigeuza huku na huku, kitanda kinalia kwi, kwi, kwi.

Asubuhi akamkuta Nyati anazunguka zunguka kigingi cheusi, hatulii.

"Nimejua kwa nini tunashindwa," Nyati akasema.

"Kwa nini?"

"Uwanja ni mfupi! Nguvu zangu hazipati nafasi. Fimbo inataka kujinyoosha, inabanwa."

"Wallahi hata mimi nimekuwa nikihisi hivyo," akasema Kiboko, ambaye mpira wake wa jana ulikuwa haujaonekana bado.

Wakageuka kutazama nyuma. Nyuma ya kigingi cheusi palikuwa na jabali, na nyuma ya jabali kilima. Ndani ya ufa wa jabali hilo aliishi Bi Pimbi na watoto wake, mdogo wao bado ananyonya. Pimbi mnamjua? Kadogo, kanene, mkia hakana, na hakatulii. Anachungulia, anaingia, anatoka, anachungulia tena.

"Hodi!" Nyati akanguruma.

"Karibu, Mwenyekiti. Ila usiingie, utabomoa."

"Ndilo tulilokuja nalo. Tunalibomoa. Kigingi cheusi kinarudi nyuma, kinakaa hapa."

Bi Pimbi akainua macho. Pale nje tai alikuwa anazunguka juu, kama azungukavyo kila siku, anangoja mtoto mmoja tu apotee njia. Bila ufa ule, mpaka jua lizame asingekuwa na mtoto hata wa kutuma maji. Lakini uso wake hakuubadilisha.

"Aa! Kumbe ni hilo tu," akasema. "Mimi nilidhani mmekuja kunialika mchezo."

Kiboko alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Wewe? Fimbo utaishika kwa nini, kwa masikio?"

"Shimo moja, shemeji. Mimi na nyie wawili. Yeyote kati yenu akinitangulia kutumbukiza, natoa watoto leo leo, na jabali mnasukuma. Nikiwatangulia mimi, jabali ni langu na halisogelewi tena."

Kanga walikuwa wamekwisha kukusanyika. Hao nao, mahali penye maneno hawaitwi. "Cheke cheke cheke! Mwenyekiti anaogopa Pimbi!"

"Nani anaogopa?" Nyati akapiga kwato chini. "Nakubali! Ila sheria ni sheria. Aliye mbali zaidi na shimo ndiye apigaye. Aliye karibu anasubiri. Kwa hiyo wewe, bibie, utakaa kigingi chekundu ukisubiri mpaka tukupite. Umesikia?"

"Nimesikia. Aliye mbali ndiye apigaye."

"Mbele ya kanga wote, sema tena."

"Aliye mbali ndiye apigaye, Mwenyekiti."

Nyati akaridhika. Alipenda sana sheria, hasa zikimhusu mwingine.

Kiboko akaenda kuweka mpira wake penye kigingi cheusi. Bi Pimbi akapita kando yake, anasema na kanga, lakini kwa sauti ya kusikika.

"Wanapigia hapa? Nilidhani wanaume."

"Umesemaje?" Kiboko akaacha fimbo.

"Sikusema kitu, shemeji. Ni kule alikozaliwa mume wangu tu. Kule hata ndama wa nyati wanapigia mbali kuliko hapa. Madume yenyewe hupanda mlima, wakapigia upande wa pili. Bendera hawaioni! Wanainusa. Lakini kila nchi na wanaume wake. Nyie pigieni hapo hapo, msije mkaumia viuno."

Kanga wakaanza. "Viuno! Cheke cheke! Viuno!"

Mngemwona Nyati! Masikio yanacheza, mkia unachapa. Hasimami, hakai. Akauokota mpira wake, akarudi nyuma mpaka ubavuni mwa jabali.

"Mimi napigia hapa."

Kiboko akaokota wake. "Basi mimi napigia juu ya kilima."

"Mimi chini yake, upande wa pili!"

"Na mimi nyuma yako!"

Wakaenda wanasukumana, vumbi tifu tifu, wakapanda, wakateremka ng'ambo, wakatoweka. Bi Pimbi akakimbia kwenye kigingi chekundu, akakaa. Akainuka. Akakaa tena. Maana, wajukuu zangu, kujua ujanja ni jambo moja, na kuungoja ufanye kazi ni jambo jingine.

Kule ng'ambo, kilima kilikuwa kimesimama kama ukuta. Nyati akajipinda, akavuta pumzi. Kwaaa! Mpira ukapanda, ukapanda, ukasita. Kisha gidi gidi gidi, ukarudi ukamgonga kwato.

"Upepo," akasema Nyati.

Kiboko akajaribu. Kwaaa! Wake ukapanda zaidi. Ukafika karibu na kilele, ukayumba, ukataka kuvuka, akapiga kelele, "Nenda! Nenda, mwanangu!" Gidi gidi gidi. Ukapita katikati ya miguu yake, ukaingia shimo la mhanga, yule mla mchwa.

Bi Pimbi akasikia kelele ile. Je, umevuka? Akatazama kilele. Hakuna kitu. Akakusanya sauti yake yote ndogo.

"Mabwanaaa! Mmepiga?"

"Tumepigaaa!" Nyati akajibu.

"Mipira yenu imefika wapiii?"

Kiboko akamtazama Nyati. Nyati akautazama mpira uliolala kwatoni.

"Tumwambie imerudi?" Kiboko akanong'ona.

"Una wazimu? Kanga wote wanasikia! Tukisema imerudi, kesho tunapigia kigingi chekundu mimi na wewe, na wake zetu wanatutazama." Nyati akainua shingo. "Imetua karibu na shimooo!"

"Imenipitaaa?"

"Imekupita zamaniii!"

Bi Pimbi akawageukia kanga. "Mmemsikia Mwenyekiti?"

"Tumemsikia!"

"Basi nani sasa yuko mbali zaidi?"

"Wewe!"

Akashika kifimbo chake. Tik! Mpira ukasogea kidogo.

"Mabwanaaa! Nimepiga! Bado yenu iko mbele?"

"Mbele kabisaaa!"

Tik! Akakimbia nyuma yake, puta puta puta. Mara ukakwama kwenye fundo la nyasi. Bi Pimbi akapiga, haukutoka. Akapiga, haukutoka. Jasho! Na kwa nyuma, kwaaa, anasikia wale wanaendelea kupiga kwa siri. Ukivuka mmoja tu, yamekwisha. Akafumba macho, akachapa kwa mikono miwili. Tak! Ukatoka, ukaviringika mpaka karibu na bendera.

"Mabwanaaa! Mimi nimebakiwa na shibiri moja! Yenu je, bado inanishinda kwa ukaribuuu?"

Kiboko akamshika Nyati pembe. "Ndugu yangu, acha kujisifu. Huyu anatuvuta. Sema ni zamu yetu."

"Niseme mbele ya watu kwamba Pimbi yuko karibu kuliko mimi? Mimi?"

"Nyamaza tu, nakuomba!"

Lakini Nyati kunyamaza hakujaliwa. "Wangu uko mdomoni mwa shimooo! Ukipigwa chafya unaingiaaa!"

Tik.

Tumbu!

Kelele za kanga zilizopanda hapo, hata kule ng'ambo wale wawili walijua. Wakaja mbio, kilima kinatikisika, wanahema hema, Kiboko ana matope mpaka kopeni.

"Umeruka zamu!" Nyati akafoka. "Sheria! Aliye mbali ndiye apigaye! Na aliye mbali ni sisi! Mpira wangu uko nyu..."

Akajikamata mdomo.

"Uko wapi, Mwenyekiti?" Bi Pimbi akauliza polepole. "Nyuma ya kilima, au mdomoni mwa shimo? Hapa mdomoni sioni kitu. Kanga, mnaona?"

"Hatuoni! Labda tukiruke kilima tukatazame?"

"Hapana!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Nyati akatazama juu, akatazama chini. "Ulikuwa hapa," akasema. "Kunguru kauchukua."

"Hata wangu," akasema Kiboko.

"Poleni, shemeji zangu," akasema Bi Pimbi. "Basi nimewatangulia."

Watamfanya nini? Wakimpinga, wanakiri uongo wao. Wakaondoka bila kuaga. Na kanga, mnavyowajua, walikwisha kufika kwa mke wa Kiboko na habari yote kabla yeye hajafika nusu ya njia.

Bi Pimbi akajibanza katika ufa wake, akawahesabu watoto kwa kuwanusa mmoja mmoja, akampa mdogo ziwa. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akatulia.

Yangu ni hayo, na mwenye masikio kayapata: anayetangaza amefika naye hajaondoka, asilie wenziwe wakimtangulia.